Rimoti ya Upande wa Pili

3 Machi

Leo na mimi nimekuwa mtu wa dishi. Mtoto wa kaka yangu, binti yule anayefanya kazi mji mwingine, ametununulia ving'amuzi viwili, kimoja cha baba yake na kimoja changu, vya aina moja na rangi moja, asije mtu akasema mwenzake kapendelewa. Namjua mtoto yule. Tangu mimi na baba yake tuache kusemezana, yeye anatupimia kila kitu kwa mizani. Akimpa baba yake salamu ndefu, na mimi naipata ndefu.

Fundi wa madishi alianzia kwa kaka, akaja kwangu baadaye. "Nimeshavitayarisha vyote viwili mezani kwangu dukani," akasema, "wewe ni kuwasha tu, mama." Juu ya paa letu sasa kuna madishi mawili yanatazama upande mmoja, kama watu waliokaa benchi moja bila kusalimiana.

Nyumba ni ya mama. Hapa ninaposhonea palikuwa nusu ya sebule. Baada ya msiba wa mama kaka alijenga ukuta katikati, yeye akabaki na dirisha, mimi nikabaki na mlango wa mbele, naye akatoboa mlango wake kwa nyuma. Tangu hapo nashona na taa inawaka mchana kweupe, kwa sababu jua liko kwake.

Fundi alikunywa chai yangu, akaniwekea rimoti kiganjani na kusema sasa dunia yote iko mkononi mwangu. Sijaigusa. Nina sketi za shule za kumaliza.

4 Machi

Dunia haiko mkononi. Nimebonyeza kila kitufe, king'amuzi kinanitazama tu. Nikampigia fundi. Akasema rimoti za siku hizi si kama zile za zamani, hizi haziangalii, zinasikia, na kabla ya kusikilizana na king'amuzi lazima vioanishwe. Nikamuuliza mahari ni kiasi gani. Akacheka, akaniambia nibane vitufe viwili kwa pamoja, hiki na kile, mpaka kitaa kipepese kijani. Kikipepesa ujue imekubali.

Nikabana mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Kitaa kikapepesa kijani, kizuri kabisa. Imekubali nini, sijui, maana televisheni haikujitingisha.

6 Machi

Nimebana tena. Imekubali tena. Uongo mtupu.

9 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kwenye kioo wameandika: hakuna mawimbi. Nimekata kola.

11 Machi

King'amuzi kina vitufe vidogo usoni, cha kuwasha na vya kupanda na kushuka chaneli, kwa hiyo sasa nikitaka kitu nainuka kwenye cherehani, nabonyeza kwa mkono, narudi. Mazoezi ya bure. Tatizo ni kwamba hakitulii. Jioni nilikuwa natazama mchezo wa kuigiza, mke ndio kwanza anafungua mkoba wa mumewe, mara, bila kuguswa na mtu, ikaruka kwenye mieleka, ikaruka kwa mtu anayefundisha kupika keki, sauti ikapanda mpaka glasi zikalia kabatini, kisha ikanyamaza kabisa.

Ningekuwa mwoga ningesema ni mama. Mama alikuwa hakai na chaneli moja. Lakini mama hakupenda mieleka.

15 Machi

Fundi kaja. Kabadilisha betri, kachomoa waya, kapuliza, kachomeka waya. Kabana vitufe vile vile nilivyobana mimi, kitaa kikapepesa, televisheni ikakaa kimya. Akaitazama rimoti kwa muda, akasema, "Hii ina kiburi." Nikamwambia basi imefika nyumba yenyewe. Ameahidi kuagiza nyingine. Upande wa pili kulikuwa kimya wakati wote huo, nadhani kaka alikuwa ametoka.

17 Machi

Sketi zimeisha. Zimeanza kaptula.

20 Machi

Nimejua. Hili nililoandika hapa juu nimelifuta mara mbili.

Mvua ilikuwa nyepesi jioni, napinda kaptula, televisheni nimeiwasha kwa mkono. Sauti ikashuka yenyewe, kama kawaida yake. Nikapandwa na hasira, nikaikamata ile rimoti iliyokuwa inakaa bure juu ya kitambaa, nikabonyeza kitufe cha kuzima kama mtu anayeua kunguni. Kwangu hakikuzimika kitu. Nyuma ya ukuta, mtangazaji wa mpira alikuwa anapiga kelele za kona, akakatika katikati ya neno.

Kimya. Kiti kikalia. Kisha nikamsikia kaka akiiambia televisheni yake, "Ah, na wewe."

Hatua zake zikaenda polepole, polepole mno, kitu kikagongwa, akabonyeza, mtangazaji akarudi. Nikaitazama rimoti. Nikabonyeza tena. Mtangazaji akakatika tena.

Nikakaa chini.

Vyote viwili mezani kwake dukani. Fundi yule kavifungisha ndoa vikiwa vimelala pamoja, kisha akachanganya rimoti wakati wa kufunga maboksi. Ya kaka iko kwangu, yangu iko kwake. Na ukuta si kitu kwa rimoti hizi, zinasikia. Hasira zote nilizobonyeza tangu siku ile zilikuwa zinamfikia yeye, na zile keki na mieleka ni yeye alikuwa akihangaika na ya kwake.

Lakini si hilo lililoniketisha chini. Ni ile "Ah, na wewe." Ndivyo alivyokuwa akiniambia nikimrudishia shati nililolitia kifungo kwa uzi wa rangi nyingine. Ukuta una mwaka na zaidi. Mkewe alitangulia zamani, hana wa kuongea naye humo ndani, kwa hiyo sauti yake nilikuwa siisikii kabisa, zaidi ya kikohozi. Nilidhani nimeizoea hali hii. Nimemkumbuka kaka yangu, na yuko hapa, naweza kuugusa ukuta wake nikiwa nimekaa.

21 Machi

Nilitaka kumpigia fundi aje abadilishe. Sikupiga. Kesho.

22 Machi

Sikupiga.

Jioni kulikuwa na mpira tena. Nilisogeza kiti karibu na ukuta, nikasikiliza mpaka wakafika kwenye penalti. Mpigaji anauweka mpira, anarudi nyuma, anapumua, anaanza kukimbia. Nikazima.

Nilijiziba mdomo kwa kaptula ya mtoto wa watu ili nisicheke kwa sauti. Nilitegemea atukane. Kaka yangu ana mdomo, msituone wembamba, sisi sote tumeupata kwa mama. Lakini alisema, "Haya." Basi. Haya ya mtu anayemwambia mtu, si haya ya kuiambia televisheni.

Nimeacha kucheka. Ile haya imenikaa.

25 Machi

Kaptula. Mvua. Kaptula.

28 Machi

Siku hizi kwangu hakuna tena mieleka wala keki. Ila kila jioni, wakiwa wanaanza kipindi cha nyimbo za zamani, televisheni yangu inahama yenyewe inakwenda huko, chaneli ya hamsini na tano. Mwanzo nilisema ni bahati. Jana nikasema ni bahati tena. Leo nilikaa mikono mapajani nikaisubiri, ikaja.

Kipindi kile kilikuwa cha mama, tangu enzi za redio. Alikuwa akichana nywele zetu huku anaimba maneno ya kwake mwenyewe, maana ya wimbo alikuwa hayashiki, na kaka anapiga mluzi. Leo nyuma ya ukuta, kiitikio kilipofika, nikasikia mluzi. Umepungua nguvu, meno si yale. Lakini ni wenyewe.

Anajua. Huenda alijua kabla yangu, na akakaa kimya akisubiri na mimi nijue. Nimeimba kwa sauti ya chini, kwa maneno ya mama.

2 Aprili

Na mimi namchagulia. Nikishamsikia amewasha, namtafutia kitu kizuri, naweka kwangu kwa mkono kwanza nikione, kisha nampelekea kwa rimoti. Nimempa taarifa ya habari, nimempa mpira, tena bila kuuzima, nimekuwa mtu mzima. Na leo nimempa kitu chenyewe: filamu ya samaki wa chini kabisa ya bahari, wenye taa zao wenyewe, wekundu, wa bluu, wanaong'aa gizani. Hakuna mtangazaji, ni maji tu yanabubujika. Nilijiona nimempa zawadi. Aliiacha mpaka mwisho, saa nzima, hakuigusa.

Mwalimu aliyekuja kuchukua sketi za wanafunzi wake akanikuta natabasamu peke yangu. Akaniuliza, "Fundi, umepata mchumba?" Nikamwambia mchumba wa nini kwa umri huu, nimepata samaki.

3 Aprili

Samaki tena. Aliwaacha tena mpaka mwisho.

6 Aprili

Laiti nisingekuwa na simu.

Mtoto wa kaka kanipigia mchana. Kwanza mvua, kisha afya, kisha cherehani, nikajua kuna jambo linazungukwa. Akasema, "Shangazi, mvua zikiisha na barabara ikikauka, nakuja kumchukua baba."

Nikamuuliza anampeleka matembezi wapi.

"Si matembezi. Anakuja kukaa kwangu. Baba hakukwambia?"

"Angeniambia kwa mdomo gani?"

Akasema, "Shangazi, baba haoni. Jicho moja limeziba kabisa, la pili linakwenda huko huko. Ni mtoto wa jicho. Huku kuna hospitali wanalipasua, ila foleni ni ndefu. Sasa mtu haoni, atakaaje huko peke yake?"

Peke yake. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Mimi ni hatua chache kutoka kitandani kwake, na bado anaitwa mtu anayekaa peke yake.

Ndiyo maana alifunga kibanda chake cha kunyolea. Watu walisema amechoka na kazi, mimi nikasema, tena mbele ya wateja, kwamba uvivu umemzidi. Kumbe alimkata mteja sikio, akaweka mkasi chini, akafunga mlango na hakufungua tena. Mwanawe ndiye kaniambia. Ndiyo maana hatua zake zinaburuta, na vitu vinagongwa gongwa humo ndani. Nilikuwa nasikia yote haya. Nilidhani anagonga kwa hasira, anikere.

Na nikamwekea samaki. Jioni mbili, mtu asiyeona alikaa mbele ya televisheni akasikiliza maji yanabubujika mpaka mwisho, hakuzima, kwa sababu ni mimi niliyemwekea.

Nimelia mpaka kitambaa cha kaptula kimelowa, nitakipiga pasi kesho.

7 Aprili

Nimetafuta chaneli zote zinazozungumza. Nimempata mtu anayesimulia visa vya mahakamani, anaeleza kila kitu, mpaka rangi ya tai ya wakili. Nikampelekea. Kiti kikavutwa karibu. Baadaye nikamsikia akicheka, kicheko kile cha puani.

Samaki basi.

12 Aprili

Hakuna mawimbi. Mvua imekuwa ya hasira, inatoka upande, madishi yote mawili nadhani yanatazama chini. Rimoti yangu haina kazi na yake haina kazi. Nyumba imekuwa kama ilivyokuwa kabla ya Machi, kila mtu na kikohozi chake.

13 Aprili

Hakuna mawimbi.

14 Aprili

Hakuna. Nilisimama mbele ya ukuta na ngumi nimeikunja, nigonge. Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na majirani zetu wamelima kweli, hakuna aliyeingilia. Lakini hawakusema hao ndugu wenyewe wafanyeje wakishachoka kununa. Tuligombana msibani, watu wamejaa. Alisema mama angefikishwa hospitali mapema angekuwa hai. Mimi niliyemlisha, niliyemgeuza, niliyemfulia mashuka, naambiwa hivyo mbele ya kadamnasi. Nikamjibu kwamba yeye hajui hata dawa za mama zilikuwa za rangi gani. Maneno yale mawili yalitosha kuleta saruji.

Sasa nikigonga, nitasema nini? Nimepiga moyo konde mara tatu leo, na mara tatu ngumi imefunguka yenyewe. Mimi mdomo wangu ni wa kuchoma watu, hata jina la utoto wangu ni Sindano, yeye ndiye aliyenipa. Wa kubembeleza sikuumbiwa.

16 Aprili

Mawimbi yamerudi jioni. Kabla sijashika rimoti, kwangu ikahama: hamsini na tano. Nikasema, "Ahsante," kwa sauti ya kawaida, kuelekea ukutani. Sijui kama ilisikika.

19 Aprili

Asubuhi jua. Fundi wa madishi akaja anahema, hata hodi hakumaliza.

"Mama, nimekuharibia. Kuna mteja mwingine amenipigia ana tatizo kama lako, nikakumbuka. Nilivioanisha vyote mezani, nikachanganya rimoti. Yako iko kwa mzee upande wa pili. Nipe hiyo, ni kazi ndogo, nabadilisha sasa hivi."

Nikaweka mguu juu ya kanyagio la cherehani. "Yangu haina shida."

"Mama, si ulinipigia kila siku?"

"Imepona."

"Imeponaje? Rimoti haiponi."

"Fundi, wewe ulisema ina kiburi. Kiburi kimeisha. Nenda kwa mzee ukamuulize yeye."

Akazunguka nyuma. Nilisimamisha mashine nisikilize, lakini lori likapita barabarani, nikakosa kila kitu. Nikawa nimekaa pale natazama uzi. Akikubali, basi, yameisha, kila mtu na televisheni yake.

Fundi akarudi anakuna kichwa. "Mzee naye anasema yake imepona. Nimemwambia ni kazi ndogo, akaitia mfukoni." Akatazama kwangu, akatazama ukuta. "Hivi nyumba hii ina nini?"

Nikamtengenezea chai. Alipoondoka nimeshona mfuko juu ya mfuko, kaptula moja ina mifuko mitatu. Nitaufumua kesho, leo niacheni.

21 Aprili

Jua. Barabara inakauka. Sijawahi kulichukia jua hivi.

23 Aprili

Jua. Mtoto wa kaka amepiga simu: anakuja Ijumaa jioni, atalala nyumba ya wageni, Jumamosi asubuhi wanaondoka. Nikasema sawa mama. Nilitaka kusema asije.

25 Aprili

Ijumaa. Naandika polepole, nisisahau kitu.

Mchana kutwa nilimsikia kaka akifunga mizigo. Kabati, sanduku, kabati. Jioni akawasha televisheni yake kwa mkono. Nikangoja ya kwangu ihame iende hamsini na tano, ikahama, nyimbo zikaanza. Wa kwanza ukapita. Hakupiga mluzi. Nikaelewa kwamba huu ndio mpango wake: tutasikiliza hivi, kila mtu kwake, kesho atapanda gari, na mimi nitakuwa nimebaki dada wa nani?

Nikachukua rimoti, nikazima ya kwake.

Akainuka, akaiwasha kwa mkono. Nikazima. Akaiwasha. Sasa nilikuwa nimesimama, machozi yananichuruzika mpaka shingoni, nikazima. Nikamsikia amesimama pale pale mbele ya televisheni. Hakuiwasha tena. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Kutoka mlango wake mpaka wangu kuna kona mbili na mtaro. Nilisikia fimbo. Ilipofika kwenye mtaro nikafungua mlango na kukimbia bila viatu, nikamshika mkono. Mkono umekuwa mwepesi. Alisema, "Polepole, Sindano, utaniangusha mwenyewe."

Nikamkalisha kiti cha mama. Alikipapasa mikononi akakijua. Tukakaa. Kwangu nyimbo zilikuwa zinaendelea.

"Sasa unanizimia nini?" akauliza. "Mtu ana jioni moja."

"Nazima ili uje."

"Si ungeniita?"

"Sikujua kama utaitika."

Akacheka kile kicheko cha puani, kisha hakikuwa kicheko tena, akajipangusa kwa mkono wa shati. Shati lina kifungo cha uzi mwekundu. Ni kifungo changu kile, cha zamani.

Nikamuuliza kwa nini kila siku hamsini na tano. Akaitoa rimoti mfukoni, akanishika kidole, akakiweka juu ya kitufe cha katikati. "Tano ina kichunusi. Nyingine zote nabahatisha. Nilibahatisha sana mwanzoni, unisamehe kwa ile mieleka. Siku nilipoisikia inaitika huku kwako, nikasema basi, nitabonyeza ile nisiyoweza kukosea."

Nikamwambia kuhusu samaki, kwamba sikujua. Akasema, "Walikuwa wazuri?" Nikamweleza wote, mmoja mmoja, na taa zao. Alisikiliza kama anavyomsikiliza yule wa mahakamani.

Kisha mwenyewe akaligusa. "Yale ya msibani. Mimi sikuwapo mama alipokata roho. Mtu asiyekuwapo hutafuta wa kumlaumu, nikakupata wewe."

"Mimi nilitaka useme ahsante," nikasema. "Ukasema hospitali."

"Ahsante," akasema. Hivyo tu, amegeuza uso kuelekea sauti yangu, si mahali hasa nilipo, pembeni kidogo.

Nikasogeza kiti, uso wake ukawa unanielekea.

Nilimwambia ahamie kwangu, nitamwangalia, ukuta tutautoboa. Akatikisa kichwa. Hospitali iko huko, foleni ameshawekwa, na binti yake ameshaomba ruhusa kazini. Najua ni kweli. Nilisema tena hata hivyo. Akanyoosha mkono akaupapasa ukuta wake kwa upande huu, ambao hajawahi kuugusa.

"Unajua matofali haya niliyalazaje? Niliyasimamisha kwa ubavu. Fundi mwashi aliniambia mzee, ukuta huu ni mwembamba, utasikia kila kitu cha huko. Nikamwambia ndiyo, jenga hivyo hivyo. Mimi silali bila kusikia cherehani."

Nikakaa kwenye mashine nikashona, sikumbuki nini, vipande tu, mpaka akasinzia kwenye kiti cha mama.

26 Aprili

Wameondoka. Nilimtilia vifungo vya shati la safari, uzi wa rangi ile ile ya shati, akavipapasa akasema, "Ah, na wewe, ungetia mwekundu."

Kwenye gari nikaona rimoti inachungulia kutoka mfuko wa koti lake.

"Kaka, hiyo huko haitafanya kazi."

"Najua," akasema, akaisukuma ndani zaidi.

Ameniachia ufunguo wa upande wake. Nimeingia kupata jua la dirishani kidogo. King'amuzi chake sikukichomoa.

29 Aprili

Kaptula zimeisha. Mwalimu ameleta mashati.

2 Mei

Jioni nimebonyeza rimoti. Nyuma ya ukuta televisheni ikawaka, mtu wa mahakamani akaanza kusimulia kwenye chumba kisicho na mtu. Nimemwacha azungumze mpaka nimemaliza kola zote.

6 Mei

Mtoto wa kaka kapiga simu jioni. Daktari amemwona baba yake, amesema wasubiri, pengine mwezi wa nane. Anakula vizuri. Anauliza habari za mtaro, kama umezibuliwa.

Kisha akashusha sauti, nadhani alitoka nje ya chumba. "Shangazi, baba ana jambo. Kila jioni saa moja anatoa ile rimoti mfukoni, anaielekeza dirishani, anabonyeza. Anabonyeza mara mbili, kisha ananiuliza kama imefika. Mimi sijui nimjibu nini."

Nikatazama saa ya ukutani. Nikainuka kwenye cherehani nikaenda mpaka kwenye king'amuzi, nikaanza kupandisha chaneli kwa kile kitufe kidogo, moja moja, arobaini na nane, arobaini na tisa, hamsini, simu nimeibana kwa bega.

"Mwambie imekubali, na umpe simu," nikasema.

Nilipofika hamsini na tano, nikaisogeza simu kwenye spika ya televisheni ili kaka asikie nyimbo.